Ufunguo wa kwenye rozari

Jumamosi, saa saba mchana, siku moja kabla Kavira hajapokea komunio yake ya kwanza, ufunguo wa sanduku la bati haukuwemo katika kikombe chake. Na gauni lilikuwa ndani ya sanduku.

Gauni hilo nililishona mwenyewe kwa wiki mbili, usiku, baada ya kumaliza nguo za wateja. Satini nyeupe ya soko kuu la mji wetu, Butembo, mikono iliyovimba kidogo begani, lesi nyembamba shingoni. Ijumaa jioni nililipiga pasi ya makala, huku nimetandika kitambaa kibichi juu yake ili cheche isilichome, nikalikunja ndani ya shuka na kulifungia sandukuni, maana nyumba yetu ina moshi na ina vidole vidogo. Sanduku ni la Koko, mama wa mume wangu. Kufuli lake ni la njano, la aina inayouzwa kila duka, na ufunguo hukaa katika kikombe kilichovunjika mkono, pale penye rafu ya vyombo.

Vidole vidogo kuliko vyote ni vya Kasereka, mwenye miaka mitatu. Kwetu Wanande jina la mtoto lina hesabu ndani yake: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kavira msichana wa pili. Ukilisikia jina umeshajua wangapi wametangulia. Wakubwa wao wako Bunia shuleni kwa baba yao mdogo, na mume wangu alikuwa amekwenda Kasindi kufuata mizigo, kwa hiyo nyumbani tulibaki watano. Nilimuuliza Kasereka ufunguo uko wapi. Akaonyesha mlango. Nikamuuliza tena, akaonyesha kuku. Tuliinua mikeka, tukakung'uta magodoro, tukachekecha majivu ya mbabula, jiko letu la makala. Kavira aliupekua mfuko wa makala kipande kwa kipande, mikono ikawa myeusi hadi viwikoni, yeye ambaye asubuhi ile alikuwa ametoka kuungama kwa mara ya kwanza maishani mwake, na njiani kurudi alikuwa ameniambia kwamba mpaka kesho hatagusa kitu kichafu.

Kambale ana miaka 12, na akiona mtu anahangaika hawezi kukaa. Wakati sisi tuko uani tunapekua, yeye alikumbuka kwamba kuna ufunguo mwingine nyumbani wa umbo lile lile. Ulikuwa umefungwa kwa uzi kwenye rozari ya Koko, karibu na msalaba, na rozari ilikuwa inaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake, kwa kuwa Koko alikuwa amekwenda na akina mama wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya parokia, kuosha mabenchi ya kanisa na hakutaka kuilowesha. Kambale aliuingiza kwenye kufuli. Uliingia nusu. Akachukua koleo, akausaidia kuzunguka.

Alinijia uani akiwa na rozari katika mkono mmoja na kichwa cha ufunguo katika mwingine. Hakulia. Alikuwa mweupe midomoni. Nami niliposhika kile kipande cha chuma, magoti yalilegea, kwa sababu nilijua ni nini alichokivunja. Nilidhani najua.

Koko yuko nasi tangu mwisho wa mwaka 2014. Oktoba ya mwaka ule ndipo mauaji yalipoanza kuliandama eneo la Beni, usiku baada ya usiku, kwa mapanga na mashoka, na watu wakaanza kumiminika katika barabara ya kuja Butembo, kilomita 54, wengine kwa pikipiki, wengi kwa miguu na godoro kichwani. Kijiji chake kiko upande wa Mbau. Ni kule ambako miaka miwili kabla, tarehe 19 Oktoba 2012, mapadri watatu Waasumpsionisti, Jean-Pierre Ndulani, Edmond Kisughu na Anselme Wasukundi, walitekwa katika parokia yao na hawajarudi. Koko huwataja mmoja mmoja katika sala ya jioni, na Kasereka, ambaye hajui kuhesabu zaidi ya nne, majina hayo matatu anayajua.

Ushuhuda wa Koko sote tumeukariri. Giza linaingia, milio inasikika upande wa shamba la kakao. Anawakusanya wajukuu watano, watoto wa binti yake. Anafunga nyumba kwa kufuli. Wanapita kati ya mikakao, na wauaji wanapita karibu nao kiasi cha kusikia mabuti yakikanyaga majani makavu, na yule mtoto mwenye kifua, ambaye usiku kucha hukohoa, usiku ule hakohoi. Alfajiri wanaitokea barabara. Hapo Koko huinua rozari juu, ufunguo ukining'inia, na kusema kwamba alitoka na ufunguo na Mungu peke yake. Watu wa shirika huitikia kwa sauti kubwa, Mungu asifiwe, na kina mama wengine hufuta machozi. Watoto wangu wamekulia chini ya ufunguo ule ulioinuliwa.

Nami nilitaka waushike. Kwetu imani haikuja kwa vitabu. Waasumpsionisti walifika eneo hili mwaka 1929, lakini waliopanda na kushuka milima na neno hilo walikuwa makatekista, watu wa hapa hapa, wakisimulia jioni kando ya moto kwa Kinande, na Mungu wakimwita kwa jina ambalo wazee walikuwa wameshamwita, Nyamuhanga. Baba yake Koko alikuwa mmoja wao. Mimi bibi yangu mwenyewe alifariki nikiwa kidato cha pili, na ninachojua juu ya imani yake ni kwamba alikuwa akisali. Alisali kwa sababu gani, alivuka nini, nani alimfundisha, sikumuuliza. Kwa hiyo Koko alipohamia kwetu nilijiambia kwamba watoto hawa hawatakosa nilichokikosa. Kila mara mgeni alipofika nilikuwa wa kwanza kusema: Koko, wasimulie.

Sasa ufunguo ulikuwa vipande viwili, na kimoja kilikuwa ndani ya kufuli.

Tulijaribu msumari. Tulijaribu kibano cha nywele cha Kavira, kikapinda. Tulimwagia kufuli mafuta ya taa, tukaligonga kwa nyundo pembeni, polepole, kama anavyofanya fundi wa baiskeli sokoni, lakini kile kipande kilikuwa kimeketi ndani kabisa. Saa kumi na moja ikafika. Nilianza kuwaza majirani gani wana binti wa kimo cha Kavira.

Koko akaingia na kandambili zake mkononi, miguu ikiwa imelowa. Kambale hakusubiri aulizwe. Alipiga magoti mlangoni, akanyoosha mikono yote miwili, akasema, "Koko, unisamehe. Nimevunja ufunguo wa nyumba yako."

Koko alikiokota kile kichwa cha ufunguo kutoka kiganjani mwake. Alikitazama kwa muda mrefu, akakigeuza, akapitisha kidole gumba mahali kilipokatikia.

"Si wa nyumba yangu," akasema.

Akaenda kuketi kitandani kwake na kuvuta pazia.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Ndani kulishakuwa giza, na pazia lile lilinizuia kuwasha taa upande wa chumbani, kwa hiyo mimi na Kambale tuliburuta sanduku hadi jikoni, tukaliweka karibu na mbabula iliyokuwa na maharagi, tupate mwanga wa makaa. Tukalilaza kwa ubavu ili kufuli likae juu, mahali pa kupigika vizuri. Huo ulikuwa uamuzi wangu, na ulituletea balaa la pili.

Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na mwenye kuja kutoka Beni huanza kutafuta koti kabla hajashuka garini. Michikichi haipendi baridi yetu. Mawese tunayopikia hupanda barabara ile ile waliyopanda wakimbizi, na yakishafika hapa, asubuhi huganda chupani yakawa kama nta, ukitaka kupika unayachokoa kwa kijiko. Koko ana chupa yake moja ya mawese ya upande wa kwao, ambayo hapikii. Huipaka magoti. Amezoea kuiweka sandukuni, kwenye kona, ikiwa na kizibo cha gunzi la mahindi, na kwa kuwa mafuta yake yameganda mwaka mzima, haijawahi kumwaga hata tone. Niliijua chupa ile. Niliifunika shuka Ijumaa jioni kwa mkono wangu.

Ni Kavira aliyeona. Alikuwa anachochea maharagi. "Mama, sanduku linatoka damu."

Ulikuwa mchirizi mwembamba, mwekundu unaoelekea njano, unatambaa kutoka kwenye ukingo wa mfuniko hadi sakafuni. Joto la makaa lilikuwa limeyeyusha kilichokuwa kimeganda. Tuliliinua sanduku haraka, tukalisimamisha, lakini kilichomwagika kilikuwa kimeshamwagika, na sisi tuko nje na gauni liko ndani.

Jirani yetu ni mzee wa kanisa la Kibaptisti, CBCA, na kazi yake ni useremala. Kati ya parseli yake na yetu kuna ua wa miti tu, na kelele za nyundo zilikuwa zimemfikia tangu mchana. Alikuja bila kuitwa, na tindo, na tochi ya simu mdomoni. Aliinama, akalimulika kufuli, akalitikisa mara moja. Kisha akazunguka upande wa pili.

"Mama Kavira," akasema, "mbele hapa mtapigana mpaka kesho. Nyuma kuna bawaba."

Bawaba zilikuwa mbili, kila moja na ribiti nne. Aliweka ncha ya tindo chini ya kichwa cha ribiti, akagonga, kichwa kikaruka na kugonga sufuria. Nane zote. Sanduku likafunguka kwa mgongoni, mfuniko ukaanguka mbele ukiwa bado umening'inia kwenye kufuli lililofungwa imara. Alikataa chai. Alisema anakwenda kusali na watu wa nyumbani kwake, na kwamba Jumapili, ibada yao ikiisha, atapita kumpa mtoto hongera.

Satini haisuguliwi. Anayeshona anajua: ukiisugua inachanika nyuzi na kung'aa mahali pasipotakiwa. Nilikwangua mafuta kwa mgongo wa kisu, nikanyunyizia unga wa muhogo uyanyonye, nikaukung'uta, nikanyunyizia tena, nikaigusagusa kwa maji ya moto na sabuni ya kipande. Doa lilikuwa upande wa kulia, kutoka kiunoni kushuka, pana kama kiganja cha mtu mzima. Lilififia hadi rangi ya chai ya maziwa, na hapo likasimama. Kavira alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono katikati ya magoti, hasemi neno.

Saa tatu usiku pazia likafunguliwa. Koko alikuwa ameshika kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha sikukuu, ambacho hata mimi sijawahi kuruhusiwa kukifua.

"Kata hiki," akaniambia. "Shona juu yake. Nitakushikia taa."

Nilikata umbo la jani, refu, lifunike doa lote lionekane kama pambo. Nilianza kulishona kwa mkono, mishono midogo ya kufichika, na Koko akaketi kwenye kigoda mbele yangu na taa. Kambale alisimama mlangoni, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Koko akamwita kwa kichwa. Na kwa muda wote wa jani lile, kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha, akasimulia.

Nyumba yake hakuifunga usiku ule. Aliiacha wazi, sufuria iko motoni. Nyumba aliyoifunga ilikuwa ya jirani yake, mama mzee kuliko yeye, ambaye miguu ilikuwa imemwacha na ambaye watoto wake walikuwa wameshahama. Milio iliposikika, mama yule alimwita kwa dirishani, akampa kufuli na ufunguo, akamwambia: nifungie kwa nje, wakiona kufuli watadhani hakuna mtu, kisha uwatume vijana waje wanibebe. Koko akafunga. Akasema, nitawatuma. Akaondoka na wale watano.

"Uliwatuma?" Kambale akauliza.

"Nilikutana na vijana njiani. Walikuwa wanakimbia. Sikuwasimamisha."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kwamba wakisimama, nami nitasimama."

Taa ilitikisika, nikangoja itulie ndipo nichome sindano.

Usiku ule watu waliuawa katika nyumba mbili za kijiji kile. Nyumba yenye kufuli waliipita. Siku ya tatu vijana waliorudi kuzika walisikia mtu anagonga ukuta kwa kijiko. Walivunja kufuli, wakamkuta mama mzee yuko hai, midomo imepasuka kwa kiu. Wakamtoa, akapelekwa Beni kwa mpwa wake, na huko akaishi hadi mwaka 2019, akafa kifo cha kitandani. Miaka mitano karibu. Koko alipata habari hizo zote, moja moja, kwa watu waliopanda kuja sokoni. Mama mzee alikuwa akimtumia salamu. Mara mbili Koko aliweka nauli ya kwenda Beni ndani ya Biblia, na mara mbili akaitoa sadaka.

"Niliona ni afadhali kumpa Mungu kuliko kwenda kumtazama usoni," akasema.

Kambale alikuwa na swali lingine. Nililiona likimpanda kooni, nikataka kumzuia, nashukuru sikumzuia. "Koko, wakati unafunga lile kufuli ulikuwa unasali?"

"Hapana. Nilikuwa nahesabu watoto. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Ndiyo sala niliyokuwa nayo."

Kisha Kavira, kutoka kwenye ndoo yake, naye akiwa na harufu ya kitubio bado mwilini: "Uliungama?"

"Padri nilimwambia zamani, mwanangu. Ninyi ndio sikuwaambia."

Nilimaliza jani, nikakata uzi kwa meno. Hakuna aliyesema Mungu asifiwe. Kavira alikwenda akaketi miguuni pa Koko na kuweka kichwa kwenye magoti yale yanayonukia mawese, na wakakaa hivyo mpaka mtoto akasinzia.

Sikulala. Niliketi na gauni mapajani, nikaziwaza shuhuda zote ninazowalisha watoto wangu. Mji wetu umejaa shuhuda: kanisani, katika shirika, redioni, kwenye pikipiki ya kukodi, mtu atakuambia Mungu alivyomvusha. Na ni kweli amevuka. Lakini watoto wa Butembo wanajua kuhesabu. Darasani kwa Kambale kuna waliokimbia kutoka vijijini, na kila mwanzo wa mwaka wa masomo kuna dawati linaloulizwa mwenyewe yuko wapi. Walikuwa wadogo Ebola ilipotangazwa kule Mangina tarehe 1 Agosti 2018, lakini wanakumbuka ndoo za maji ya klorini mlangoni, na wanajua kwamba ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Wengi wao walikuwa watu wa sala kuliko mimi. Mtoto akisikia kwamba fulani aliomba akapona, moyoni anamtafuta yule aliyeomba asipone, na akiona sisi hatumtaji, anajifunza kutouliza. Anatuachia ushuhuda wetu kama ulivyo, safi, na hauchukui.

Mimi mwenyewe nimewaambia kwamba katika Ebola Mungu alilinda nyumba hii. Sikuwaambia kwamba mwaka 2019 shangazi yangu alizikwa na watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki huku mimi nimesimama ng'ambo ya barabara, na kwamba baada ya hapo nilikaa miezi mitatu bila kuweza kusema Baba Yetu, nikienda kanisani na kufungua tu mdomo ili watoto wasijue. Wala sikuwaambia kilichonirudisha, ambacho ni kitu kizuri: alikuwa mama mmoja wa benchi la mbele yangu aliyekuwa anaimba vibaya sana, kwa nguvu zake zote, naye alikuwa amezika watatu.

Kavira yuko katika Kizito-Anuarite, chama cha watoto wa parokia. Mwezi wa kumi na mbili uliopita walicheza igizo la Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964 na waasi wa Simba, na ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja hadi Kinshasa kumtangaza mwenye heri tarehe 15 Agosti 1985. Katika igizo lao Anuarite hakuogopa hata kidogo. Binti aliyemwigiza alisimama kama sanamu. Lakini masista waliokuwa pamoja naye, ambao kwao ndiko tunakojua yote, walisimulia kwamba usiku ule alikuwa na wasiwasi na chakula hakikumshuka. Wangeweza kuliacha hilo. Hawakuliacha. Na jogoo wa Petro, nani alimleta katika Injili? Pale uani, penye moto wa makaa, hapakuwa na mwanafunzi aliyekaa akiandika. Naamini Petro mwenyewe ndiye aliyelisimulia jambo hilo, tena na tena, mbele ya watu waliomwita mzee wao, na kila mmoja wa wainjilisti wanne akalipata.

Mume wangu alifika alfajiri, vumbi la Kasindi mpaka kwenye nyusi. Nilimweleza yote kwa kifupi nikimwagia maji ya kunawa. Hakujua. Mwana wa Koko, na hakujua. Alikwenda akasimama nje ya pazia la mama yake kwa kitambo, kisha akaingia, sikuwasikia wakisema lolote.

Kumvika mtoto nguo ya sakramenti si jambo jepesi siku hizi. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili mjini Beni, asubuhi ambayo watoto walikuwa wapokee kipaimara, na tangu siku ile, kila ninapofunga vifungo vya mtoto anayekwenda altareni, mikono yangu inakumbuka. Jumapili hiyo nilifunga vifungo tisa vya Kavira, nikalinyoosha jani kwenye nyonga yake. Jua lilipolipiga pale uani, weupe wa kitambaa cha Koko ulionekana tofauti na weupe wa satini, umezeeka kidogo. Kavira aliutazama, akaufunika kwa kiganja, akautazama tena. "Ni kitambaa cha Koko," akasema, kwa sauti ya mtu anayejulisha wengine. Koko alipokea komunio nyuma yake, mstari ule ule.

Mchana parseli ilijaa. Bugali, sombe, viazi, maharagi yaliyonusurika, na kuku yule ambaye Kasereka alimsingizia. Jirani yetu Mbaptisti alikuja na mkewe na kilo mbili za sukari. Baada ya chakula kiongozi wa shirika, kama ilivyo desturi, aliomba Koko atoe ushuhuda kwa ajili ya mtoto.

Alisimama. Aliinua rozari, na watu waliomzoea waliona kwamba hakuna kinachoning'inia. Alianza kama siku zote: giza, milio, kakao, wajukuu watano. Alipofika pale pa kufuli, akanyamaza. Kambale alikuwa ameketi kwenye kizingiti, na nilimwona akimtazama bibi yake bila kupepesa, si kwa kumlazimisha, bali kama unavyomtazama mtu anayevuka daraja la mti mmoja.

"Kufuli halikuwa la kwangu," Koko akasema. Akaanza upya.

Alipomaliza kulikuwa na kimya kirefu. Baadhi waliinamisha macho. Kiongozi wa shirika alifungua mdomo, akaufunga. Kisha mama mmoja kutoka upande wa Oicha, ambaye amehudhuria shirika letu miaka sita na hajawahi kutoa ushuhuda, akasema kutoka pale alipoketi kwamba yeye alimwacha baba yake. Alisema hivyo tu. Koko akavuta kiti karibu naye, wakashikana mikono. Watoto walikuwa wote pale, zaidi ya ishirini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheza.

Jumanne nilimwaga pipa la maji ili kulisugua, na ufunguo wa sanduku ulikuwa chini kabisa, juu ya mchanga. Kasereka aliupigia makofi. Haukuwa na kazi tena, maana kufuli, tulilokuwa tumeling'oa sandukuni pamoja na pete yake, lilikuwa na nusu ya ufunguo mwingine tumboni, na Koko alikuwa amekataza mtu yeyote asilichokonoe.

Wiki hiyo mume wangu alimtafuta mpwa wa mama mzee kwa njia ya mtu na mtu, hadi tukapata namba ya simu. Makaburi yako Beni penyewe, mahali gari linapofika. Koko alitoa nauli kwenye Biblia, nauli ya mtu mmoja, na sisi tukaongeza ya Kambale. Ijumaa asubuhi, baridi bado ikiwa kwenye mabati, walisimama mlangoni, Koko amejifunga kikwembe juu ya sweta, Kambale na mfuko.

"Koko, kufuli niliache?" akauliza.

"Lete," akasema.

Akarudi ndani kulichukua.